YULE FUNDI WA KOMPYUTA MTWARA MJINI, MNAMJUA WOTE: "BI MKUBWA, NIMEKUSAFISHIA"

DariziKusini (mwenye uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua. Asiniambie mtu nitulie.

Yule fundi. Wa kona ile, mwenye spika mlangoni ambayo akiifungulia hata ng'ambo ya Ruvuma wanacheza. Jumatatu nimempelekea laptop mpya ina miezi miwili, nzima. Leo nimeifuata. Ananikabidhi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ming'oko, anatafuna, macho yako kwenye simu, ananiambia: "Bi mkubwa, nimekusafishia."

Umenisafishia! Nani alikwambia ina uchafu?

Programu yangu ya kudarizi ni ya enzi za Windows 7. Ina kile kidude cha leseni cha kuchomeka kwenye USB, bila hicho haifunguki. Windows 11 haikitambui kabisa. Kompyuta ya zamani iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Nikasoma kwamba mashine moja inaweza kukaa Windows mbili: diski inagawanywa, kila moja na chumba chake, ukiwasha inakuuliza unaingia wapi. Nikamwandikia kwenye karatasi, herufi kubwa kama za bango la kampeni: WINDOWS 11 IBAKI, FAILI ZISIGUSWE. Akasoma mbele yangu. "Kazi ndogo hiyo, elfu sitini."

Naifungua pale pale dukani. Windows 11 ile ile, ila tupu kama nyumba iliyohamwa, kapu la taka peke yake kwenye kioo. Windows 7 iko wapi? "Imekataa." Faili zangu? Kameza kwanza. Kameza, wakuu! Ndipo akasema tena: "Si nimekwambia nimekusafishia."

Miaka tisa. Beji za shule karibu zote za hapa mjini, majoho ya chekechea, kofia, majina ya maharusi, kila mchoro nimeupanga mshono kwa mshono usiku watoto wamelala. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, nina beji 240 za watu walioshalipa. Na elfu sitini kachukua!

MtuWaMikindani

Pole dada. Huyo jamaa aliwahi kunirudishia laptop ina herufi A mbili kwenye kibodi na S haipo.

Chikongola_1

Bakapu ilikuwa wapi?

DariziKusini

@Chikongola_1 nimekuuliza? Ukiibiwa kuku wewe tunakuuliza bakapu ya kuku?

PaticheniMoja

Niseme kiufundi. Alichoahidi kilikuwa hakiwezekani tangu siku ya kwanza. Programu za umri huo, draiva ya kidude (programu ndogo ya kukitambulisha kwa kompyuta) mara nyingi huwa ya biti 32, na Windows 11 ni biti 64 tupu, haipokei draiva za biti 32, ndiyo maana haikitambui. Kwa hiyo ulihitaji Windows 7 ya biti 32. Hiyo haiwaki kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta, na laptop nyingi mpya zina UEFI tu, ule mtindo wa zamani wa kuwasha umeondolewa. Hata ile ya biti 64, ukianza kuiweka haizioni diski za NVMe, hizi za kisasa, na USB 3 haina draiva zake, kipanya kinakufa mkononi. Microsoft yenyewe iliachana na Windows 7 Januari 2020.

Nadhani alizima ulinzi wa kuwashia ili ajaribu, BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, ikashtuka ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Hana. Akafuta kila kitu akaweka Windows 11 upya. Ufunguo huo mara nyingi unakaa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ungeupata kwa simu dakika tano.

DariziKusini

Dakika tano??? Simu yangu ilikuwa hewani siku tatu! Namba yangu imebandikwa kwenye mfuniko wa laptop! Aliona ni rahisi kufuta miaka tisa kuliko kupiga simu, halafu anakaa anatafuna!

KoroshoMbichi

Windows 7 mwaka huu 😂 shangazi naye alitaka kufufua maiti.

DariziKusini

Maiti hiyo ndiyo imeshona beji ya shati ulilovaa shuleni. Programu mpya bei yake nanunua shamba la mikorosho na mlinzi wake.

PaticheniMoja

Usiwasikilize. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya bandia, ndani ya Windows 11, humo ndani weka Windows 7 ya biti 32, kidude cha USB unakielekeza huko. Mara nyingi kinakubali, na diski haiguswi. Faili za zamani sikufichi, diski ya SSD iliyokuwa na BitLocker ikishafutwa hakuna wa kuzirudisha. Ila kagua kumbukumbu ya mashine ya kudarizi yenyewe na flashi ulizokuwa unahamishia, faili za DST, zile za michoro ya kudarizi, huwa zinabaki humo.

DariziKusini

Flashi nimepata moja. Ina beji tatu. TATU. Nakwenda kuangalia mashine.

LindiYetu

Nyie Mtwara mna fundi wa kumlalamikia. Sisi Lindi tunapanda gari zaidi ya kilomita 100 kumletea huyo huyo, na nauli ya kurudi kuambiwa "njoo kesho".

Ligula_Boy

Samahani naingilia. Mafundi kompyuta mnawaonea, wabaya ni mafundi nguo. Nimepeleka kitambaa Shaabani, nguo ya Idi nimeipata mahujaji wanarudi kutoka Makka.

MamaNanyamba

@Ligula_Boy afadhali umeipata. Mimi yangu nimeiona kwa mtu mwingine harusini, ameivaa, anacheza.

Ligula_Boy

😂😂😂 Ulimfanyaje?

MamaNanyamba

Nilicheza naye mpaka nikahakikisha pindo. Ni yangu.

Chikongola_1

Halafu mwenye uzi si ndiye aliyedarizi "HONGELA" kwenye joho la mwanangu?

DariziKusini

Huyo sio mimi na ushahidi ulikuwa kwenye kompyuta!! Jamani turudi kwenye mada. Mtu amekula elfu sitini, amefuta kazi yangu, ananiita bi mkubwa, ananiambia AMENISAFISHIA!

Fundi_Friji_Masasi

Hapo kwenye umeme kurudi kwa kishindo hakuna aliyepaona. Wiki hii nimepokea friji nne, zote zimeungua hivyo hivyo. Tuanzie hapo.

LindiYetu

Friji nne? Huku mtaa mzima.

MtotoWaNewala

Nipo Dar mwaka wa pili. Hiyo ming'oko aliyokuwa anakula alinunua kwa nani? Ni ya yule mama wa stendi?

MamaNanyamba

Yule wa stendi kahamia sokoni. Nenda jioni, asubuhi anakuwa hajachemsha.