Mtafiti kauliza tuko wangapi nyumbani, sasa mama amenuna

MamaGrediSita, Kayole:
Hamjambo wenzangu. Naishi chumba kimoja, ploti ya vyumba kumi na sita. Jumamosi alikuja binti mwenye tableti, anamsaidia mwalimu wake wa sosholojia kuchunguza familia za mjini. Mpole, nikampa stuli. Swali la kwanza tu: kaya hii ina watu wangapi?

Nikasema wanne. Nikawaza, nikasema watatu. Akafuta. Nikamwambia angoje kwanza.

Hebu nisaidieni hesabu. Mimi nipo. Binti yangu yuko gredi ya sita, yupo. Mtoto wa marehemu dada yangu yupo shule zikifunguliwa. Zikifungwa anapanda matatu ya Machakos kwenda kwa nyanya yake. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na mwezi uliopita alilala hapa siku tatu. Mama yangu yuko Mwala, hajakanyaga Nairobi tangu Januari, lakini unga wake na dawa zake za presha vinatoka kwa simu yangu. Halafu kuna shemeji. Huyo anaoga hapa, anakula hapa, kulala anaenda kwa rafiki yake Soweto kwa kuwa kitanda hakitoshi.

Yule binti wa tableti akaandika watatu. Jioni nikamsimulia mama kwa mzaha. Akanyamaza, kisha: "Kwa hivyo mimi ni mgeni?" Mpaka leo ananijibu simu kwa mkato. Hawa watu wanatumia kipimo gani?

Karani2019:
Nilihesabu watu mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, katika sensa ya 2019. Sisi ilikuwa rahisi kidogo: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 25? Mumeo angehesabiwa alikopatikana, hata kama ni njiani. Mama aliandikwa Mwala, hakupotea.

Kazi ilikuwa kwenye kaya, yaani wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Nilikuta vijana watano bedsita moja, kila mtu na sufuria yake na unga wake umefungwa kwa mfuko. Nikahesabu sufuria. Ndiyo maana niliposikia wastani wa Nairobi ni watu 2.9 kwa kaya, na nchi nzima 3.9, sikushangaa.

Jirani_wa_Umoja:
Shemeji ahesabiwe mara mbili, chakula na maji ya kuoga.

Msomi_wa_usiku:
Dada, binti hakukosea. Kaya na familia ni vitu viwili. Anayehesabu watu anataka kila mtu aandikwe mara moja, la sivyo mama yako atakuwa Mwala na Kayole, na Kenya itajaa watu hewa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) huuliza yote mawili: nani hukaa hapa kwa kawaida, na nani alilala hapa jana. Wale wa APHRC, kituo cha utafiti wa watu na afya, walianza 2002 kuzirudia mara kwa mara nyumba za Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kwa sababu mtu wa mjini ukimhesabu leo, kesho amehama.

Familia ni wanaotegemeana, na hapo ndipo mwalimu wake anapochimba. Na wa kugawana mzigo wanapungua: mwisho wa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. KDHS ya 2022 ilipata 3.4, na Nairobi 2.5. Wewe na ndugu zako mko wangapi wa kugawana unga wa mama? Binti yako atagawana wako na nani?

MamaGrediSita:
Tulizaliwa saba, tumebaki sita. Wanaotuma ni wawili. Huo wastani wenu hauwajui ndugu zangu.

Lakini nimempigia yule binti. Kumbe kuna ukurasa wa pesa zinazotumwa nje ya kaya, hatukuufikia kwa sababu maji yalikuja nikakimbilia mitungi. Amerudi jana, mama ameingia humo kwa jina na kiasi.

Nikampigia mama nimweleze. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama kwa huo ukurasa kuna mahali pa zile ndengu anazotutumia kila mavuno. Nimemuuliza binti. Anasema atamuuliza mwalimu.