Tupeane uzoefu: Umewezaje kuwapa wazee wako joto ndani ya nyumba bila bili kuwaelemea?

Mleta mada

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu ana miaka 78, anaishi peke yake tangu baba afariki. Wiki mbili zilizopita nilimtembelea bila kumpa taarifa. Saa 11 jioni nikamkuta kitandani, blanketi limefika shingoni, taa zote zimezimwa. Hita niliyomnunulia ilikuwa pembeni, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Nikamuuliza, "Mama, husikii baridi?" Akanijibu, "Nimeshazoea, mwanangu." Nilipomshika mkono, vidole vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kufua.

Baadaye nikitafuta miwani yake kwenye droo nikakuta bili za umeme zimepangwa kwa tarehe, kila moja kiasi kimezungushiwa kalamu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwekea kipimajoto kidogo ukutani na asubuhi kilisoma nyuzi 13. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba, na kwa wazee inashauriwa joto lizidi hapo.

Sina uwezo wa kupasha nyumba nzima usiku kucha. Mliopitia haya, mlifanya nini kikasaidia? Naomba yale mliyoyafanya kwa mikono yenu.

Mke wa Kitindamimba

Pole sana, na hongera kwa kwenda bila taarifa. Ukiwaambia unakuja, wanawasha kila kitu ukione.

Sisi tulianza na baba mkwe. Mume wangu alitaka kununua hita ya pili, nikamwambia tutafute kwanza baridi inaingilia wapi. Siku yenye upepo nilikata kipande chembamba cha karatasi ya chooni nikawa nakipitisha taratibu kando ya madirisha, chini ya milango, pembeni mwa fremu. Kikitikisika, pana tundu. Mlango wa nyuma ulikuwa na mwanya chini wa kuingiza kidole changu chote, na baba alikuwa analala chumba kinachotazamana nao!

Nikachukua suruali ya jinsi iliyochakaa, nikakata mguu mmoja, nikaujaza vipande vya nguo na mchanga mkavu kidogo ili usisogezwe na upepo, nikashona ncha zote mbili. Unalala chini ya mlango kama nyoka. Madirisha tukayawekea utepe wa sponji wa kubandika. Tulichoacha wazi ni kile kitundu cha hewa karibu na dari, maana nyumba lazima ipumue, la sivyo ukuta unaota ukungu na mzee anaanza kukohoa.

Halafu kitanda. Kilikuwa kimegusa ukuta wa nje. Tulikivuta hadi ukuta wa ndani, ikawa kazi ya dakika kumi. Baba alisema mwenyewe kwamba mgongo umeacha kuuma alfajiri. Vyumba visivyotumika tumefunga milango. Mapazia yanafunguliwa jua likiwa upande huo, yanafungwa kabla halijazama. Hita ni ileile moja, na sasa chumba kinapata joto mapema.

Mjukuu wa Pili

Wengi tunawarundikia wazee mablanketi juu na kusahau chini. Bibi yangu alikuwa na mablanketi manne na bado anatetemeka, kwa sababu godoro lilikuwa jembamba, limelala juu ya sakafu ya saruji. Tulimtafutia kitanda, tukatandika blanketi moja la sufu chini ya shuka, kapeti miguuni. Juu yakabaki mawili na akalala.

Na nguo: fulana nyepesi, shati, kisha sweta, kuliko koti moja zito. Ile hewa inayobaki kati ya nguo na nguo ndiyo inayotunza joto. Kofia na soksi usiku pia. Soksi zisibane.

Fundi wa Waya

Mimi ni fundi umeme, nitasema kwa hesabu. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kila saa. Saa 5 ni uniti 10. Blanketi la umeme la wati 100, hata likiwaka kwa nguvu yote saa 10, ni uniti 1. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: mpashe mtu kabla hujapasha chumba. Kwa mama huyu ningewasha hita muda mfupi kabla hajalala na muda mfupi kabla hajaamka, usiku ukabaki wa blanketi.

Ila blanketi la umeme halimfai kila mzee. Asiyesikia vizuri miguuni, kama baadhi ya wenye kisukari cha muda mrefu, anaweza kuungua bila kujua. Likiwa limekunjwa au limelowa, msiliwashe; waya ukichubuka, litupeni. Na hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, isiwe kwenye ekstensheni. Nimeitwa nyumba ya mzee mmoja nikakuta plagi imeyeyuka na kushikana na ekstensheni, kapeti chini limeshaanza kuwa jeusi. Alikuwa amelala. Weka hita umbali wa mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ni nafuu kuliko vyote. Msitie maji yanayochemka, ifunikwe kwa kitambaa, na mpira ukianza kupasuka nyufa ibadilishwe. Maji yakimwagika kitandani, ngozi ya mzee ni laini mno.

Binti wa Nne

Naandika kwa uchungu. Tafadhali, asiwepo wa kumwingizia mzee jiko la mkaa chumbani.

Shangazi yangu alikuwa akiliwasha nje, akisubiri makaa yakolee na moshi uishe, ndipo analiingiza ndani na kufunga mlango. Alidhani moshi ndio wenye madhara. Asubuhi moja hakufungua. Jirani alivunja mlango akamkuta hajitambui. Alipona, lakini hadi leo anasahau majina ya watoto wake.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inakamata damu mahali pa oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, anadhani ni uchovu, analala.

Mleta mada

Dada, pole sana. Naomba niulize, mama analo jiko hilo. Nikimwambia aache dirisha wazi kidogo haitoshi?

Binti wa Nne

Haitoshi kumwamini nalo akiwa usingizini. Tena dirisha likiwa wazi, joto lenyewe linatoka. Jiko libaki nje, ndugu yangu. Likitumika kuchemshia maji ya ile chupa ya mpira, limefanya kazi yake.

Muuguzi wa Zamu

Mwili wa mzee hauhisi baridi kama wetu, na wakati mwingine hautetemeki. Kwa hiyo "sina baridi" anaweza kuwa anaisema kwa ukweli wake. Mshike tumboni chini ya nguo. Tumbo likiwa la baridi, anaongea kwa kukokota, amechanganyikiwa au ana usingizi usio wa kawaida, pengine joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35. Hapo ni hospitali. Wakati mnasubiri usafiri mvueni nguo mbichi, mfunikeni mpaka kichwani mkiacha uso, na kama anameza vizuri apewe kinywaji cha moto. Msimsugue mikono na miguu, msimwogeshe maji ya moto.

Kifunguamimba

Upande wa pesa: kwetu tulikuwa tunampa baba fedha ya umeme mkononi, naye anaiweka akiba kwa ajili ya wajukuu. Tukagawana ndugu wanne, kila mmoja miezi yake, tunalipa moja kwa moja. Karatasi haifiki kwake. Tukamwambia, "Baba, hii imeshalipwa, usipoitumia inapotea bure." Hilo lilimgusa kuliko kumsihi. Pia ulizeni kampuni ya umeme kama ina unafuu kwa wazee, kwani wao wenyewe mara nyingi hawaulizi.

Mleta mada

Ndugu zangu, nimerudi. Jumamosi nilizunguka na karatasi, nikapata matundu matano. Kitanda nimekivuta. Blanketi lipo chini ya shuka. Bili sasa zinakuja kwangu. Leo alfajiri mama amenisomea kipimajoto kwenye simu: 17. Amesema amelala bila kujikunja.

Limebaki dirisha la jikoni. Fremu ya mbao imevimba kwa unyevu, haifungi hadi mwisho, na nikiiranda naogopa ikikauka itaacha mwanya mkubwa zaidi. Kuna aliyewahi kulitengeneza la namna hiyo?