"Zilichomelewa": yule mtoa maelezo ametuvunjia heshima

Mzee_wa_Karakana (Nakuru): Ndugu wanajukwaa, nimetoka sasa hivi kwenye yale maonyesho ya picha za injini za mvuke, na yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mbele ya watoto wa shule, akielekeza fimbo kwenye picha ya Garratt ya daraja la 59, ile injini ndefu ya mvuke ya reli ya Afrika Mashariki, alitangaza kwamba hizo ni injini mbili kuukuu zilizochomelewa pamoja kwa sababu wakoloni walikosa fedha. Zilichomelewa! Injini 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na tani 252 na boila moja tu katikati ya seti mbili za magurudumu, ili uzito usambae na mwili ule mrefu upinde kwenye kona za reli yetu ya upana wa mita moja, leo zimekuwa kazi ya fundi wa kuchomelea mageti. Nilipoinua mkono akaniambia, "Mzee, keti, haya ni mambo ya kitaalamu." Hasira niliyokuwa nayo ingevuta mabehewa hadi kule juu mlimani Timboroa. Alisema pia kwamba zilitumia makaa, ilhali zilichoma mafuta mazito, lakini hilo ningelisamehe. Zilichomelewa, jamani!

Binti_wa_Stoka: Pole, mzee wangu. Namba 5918 na 5930 zipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi; na aende akatuonyeshe hapo alipoona alama ya kuchomelea.

Jirani_Kondele: Kwa heshima zote, mzee, kilichokuuma si boila, ni kuketishwa.

Mzee_wa_Karakana: Niliketishwa na mtu asiyejua boila iko wapi!

Abiria_wa_Njoro: Afadhali wewe. Mimi nilielezwa kwamba simba alimtoa Ryall, yule mkuu wa polisi wa reli, ndani ya injini, ilhali alinyakuliwa akiwa kwenye behewa pale kituo cha Kima mwaka 1900.

Jirani_Kondele: Hayo ni maneno tu. Linaloniudhi mimi ni kupaka rangi nyeusi juu ya kutu bila kuikwangua, maji yakabaki chini yake yakila bamba, kisha tukaambiwa injini imehifadhiwa.

Binti_wa_Stoka: Nyeusi? Garratt hizo zilikuwa za rangi ya damu ya mzee.

Jirani_Kondele: Sikusema Garratt. Soma kwanza, dada.

Abiria_wa_Njoro: Basi taja ni injini ipi.