Faili la Word la mjomba limefungwa na neno la siri limesahaulika: fundi, tovuti au tujaribu wenyewe?

MpwaWaLindi
Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, yuko Ndanda. Ameandika historia ya ukoo wetu kwenye Word: nani alitokea wapi, nani alihamishiwa wapi wakati wa Operesheni Vijiji 1974, mikorosho ya nani iko wapi, makaburi yako wapi. Baadhi ya wazee waliomsimulia wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hayo maelezo hayapatikani tena kwingine. Faili linadai neno la siri kabla ya kufunguka, na mzee halikumbuki. Hapa Lindi mjini fundi mmoja wa steshenari anataka 50,000 na nimwachie flashi. Kijana mwingine anasema nilipandishe kwenye tovuti inayofungua bure. Wa tatu anasema nishushe programu nijaribu mwenyewe. Wenye uzoefu, nianze na ipi?

FundiChikongola
Mkuu, usilipe mtu bado. Jua kwanza ni kufuli gani, maana Word ina zaidi ya moja na watu wanaziita zote password.

Ile inayokuruhusu kusoma ila inakataa usiandike ni kizuizi tu, maandishi hayajafichwa. Unafungua faili jipya tupu, unaenda Insert, Object, Text from File, unalivuta lile lililozuiwa, yanaingia yote. Au unalifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Word. Kama ni docx unaweza pia kutoa nakala, ukaifungua nakala hiyo kwa 7-Zip, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, ukaingia folda ya word, na ndani ya settings.xml ukafuta kipande cha w:documentProtection. Kazi hiyo haifiki elfu 50 hata kidogo.

Lako si hilo. Likidai neno kabla ya kufunguka, maandishi yamesimbwa kweli, yaani yamegeuzwa fumbo, na Microsoft wenyewe wanasema hawawezi kukurudishia. Sasa jina la faili linaishia na doc au docx? Doc ya Word 97 hadi 2003 kwa kawaida imefungwa kwa ufunguo wa biti 40, yaani funguo kama trilioni 1.1. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha inazipitia zote kwa saa, wala si miaka, liwe neno refu au fupi. Docx ni habari nyingine kabisa.

BahariMikindani
Mimi natetea tovuti. Faili la zamani la bibi mmoja wa hapa kwetu lilifunguliwa huko siku hiyohiyo, na hakuhitaji kushusha kitu. Si kila mtu ana laptopu ya kuachia iwake usiku kucha.

DadaNewala
Kaka Bahari, hilo la bibi nakubali lilifunguka, lakini tuangalie ndani ya faili la mwenzetu kuna nini. Mipaka ya mashamba, majina ya watoto, nani alirithi nini. Ukishalipandisha kwenye mashine ya mtu usiyemjua huwezi kulirudisha. Flashi ya kumwachia fundi ni hivyohivyo. Na kwa wale wa ofisi za kata na vyama vya msingi wanaosoma hapa, faili lenye taarifa za watu lina sheria yake, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Mpwa, mimi nakuuliza jambo ambalo hakuna aliyelitaja: mwalimu alichapa mwenyewe, au alichapiwa?

MpwaWaLindi
Ni docx. Dada, swali zuri. Sura za mwanzo aliandika kwa mkono, akachapiwa steshenari moja Masasi. Zilizobaki alichapa mwenyewe.

DadaNewala
Basi njia ya kwanza ni Masasi. Wachapaji wengi hawafuti kazi za watu. Nakala ya kabla ya kufungwa inaweza kuwa kwenye kompyuta yao, au kwenye barua pepe kama aliwahi kumtumia mtoto wake yeyote. Tafuteni na daftari la mkono. Nakala isiyo na kufuli inashinda programu zote zilizotajwa hapa.

FundiChikongola
Hapo dada kanizidi, na nakubali iwe ya kwanza. Ya pili ni hii. Shusha John the Ripper, programu ya kujaribu maneno ya siri moja moja, ni ya bure. Ndani yake kuna office2john, inatoa mstari mmoja wa alama kutoka kwenye faili. Mstari huo utakuonyesha mwaka wa aina ya kufuli la Office: 2007, 2010 au 2013. Maandishi yenyewe hayamo humo.

MpwaWaLindi
Nimefanya. Umeandika 2010.

FundiChikongola
Sawa. Kwa 2010, kila neno unalojaribu linasagwa mara 100,000 kabla ya kujulikana kama ndilo. Wamefanya makusudi ili kukuchelewesha. Tuseme laptopu yako inajaribu maneno 1,000 kwa sekunde. Herufi ndogo nane za kubahatisha ni michanganyiko kama bilioni 208, zaidi ya miaka 6. Ndiyo maana fundi anayekuahidi kesho asubuhi bila kumuuliza mzee chochote simwamini.

Lakini ukiipa John orodha ya maneno 300 ambayo mzee angeweza kuyatumia, kila moja likibandikwa miaka ya 1940 hadi 2025, kwa namna nne za herufi kubwa na ndogo, ni majaribio 103,200. Hayafiki dakika mbili.

MwalimuWaZamani
Kijana, mimi ni wa rika la mjomba wako, nikusaidie orodha. Sisi tulipenda vitu vya kazi. Andika namba yake ya TSD, ile ya Idara ya Utumishi wa Walimu, shule alizosoma na kufundisha, Chidya, Ndanda, Lulindi, sanduku la posta la shule, Azimio1967, Uhuru1961, jina la mama yake, jina la mtoto wa kwanza. Usimkalie kama polisi. Mwamkie, kaa naye, mwache asimulie mwaka aliokuwa anaandika. Maneno yatatoka yenyewe. Halafu mpe kibodi aandike bila kufikiri, vidole vinakumbuka.

FundiChikongola
Shikamoo mwalimu, hiyo ya vidole ni kweli. Mpwa, aandike kwenye Notepad kwanza ili muone kinachotokea. Herufi kubwa na ndogo zinahesabika tofauti. Angalia pia kibodi aliyotumia zamani: ikiwa ilipangwa Kiingereza cha Uingereza na yako ni ya Marekani, @ na " zimebadilishana nafasi. Weka namna zote mbili kwenye orodha.

MpwaWaLindi
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Jumamosi napanda basi, nashuka Ndanda kwa mzee na daftari, Jumatatu Masasi kwa mchapaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi inaanza upya?

FundiChikongola
Hapana. Ukiwasha tena andika john --restore, inaendelea karibu na ilipoishia. Fanyia kazi nakala, lile faili la asili usiliguse.