Mafuta yangu ya alizeti yanaganda Njombe, nitie dawa gani? Naombeni ushauri

Mwana_Iramba (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nakamua alizeti huku Singida kwa mashine ndogo, nafunga kwenye madumu ya lita 5 na lita 20. Mzigo wa mwisho nilikamua magunia 10, nikapeleka lita 300 Njombe. Sasa kila asubuhi napigiwa simu kwamba mafuta yameganda, chini kuna kitu cheupe kizito. Wawili wanataka hela yao. Kuna dawa gani ya kutia ili yasigande? Mtaji ni wa kikoba na marejesho ni kila Jumamosi. Maisha mnayaona yalivyo, naombeni msaada bila kejeli.

Bibi_Shamba:
Hongera kwanza mwanangu. Tunalia uchumi mgumu huku jikoni tunakaangia mafuta yaliyovuka bahari kutoka Malaysia. Indonesia ilipozuia mawese yake kutoka nje Aprili 2022, ni wiki chache tu na wapikaji walipata taabu hadi huku kwetu. Dumu la alizeti ukilinunua, hela inabaki kwa mkulima, kwa mwenye mashine, kwa dereva, na mashudu yanaenda kwa mfuga kuku. Hao wa Njombe wavumilie, wayaweke karibu na jiko. Na nyie wengine mkienda dukani angalieni namba za msimbo (barcode) zinazoanza na 620, mnunue vya nyumbani.

Mizani:
Bibi, 620 inaonyesha kwamba namba ilitolewa Tanzania. Haisemi kilichomo ndani kimetoka wapi.

Mleta mada, dawa ya kutia hakuna. Ganda la mbegu ya alizeti lina nta. Ukikamua na maganda, nta kidogo huingia kwenye mafuta na baridi ikizidi huonekana kama ukungu mwepesi. Haina madhara, ukiyapasha kidogo inapotea. Ukitaka kuiondoa, poza mafuta mpaka nyuzi 5 hadi 10, yaache yatulie siku nzima, kisha yachuje kwa kitambaa kizito yakiwa bado ya baridi. Usiyapashe ili yachujike haraka, maana nta itayeyuka na kupita pamoja na mafuta.

Lakini nta haifanyi tabaka zito jeupe chini ya dumu. Alizeti tupu hata ukiiweka kwenye friji bado inamiminika. Kinachokaa hivyo ni mawese. Ndani ya hayo madumu kuna nini?

Mwana_Iramba:
Ni alizeti mkuu. Labda mbegu hazikukauka vizuri? Au madumu yalibaki na maji?

Fundi_Skrubu:
Maji hayaleti weupe wa namna hiyo, yanaleta balaa jingine: mafuta yanachacha upesi na kikaangoni yanaruka. Mbegu zisizidi unyevu wa asilimia 9 hivi kabla ya kukamua. Povu jingi wakati wa kukaanga huletwa na ute. Kuutoa: pasha mafuta mpaka nyuzi 70, tia maji ya moto lita 2 kwa kila lita 100 za mafuta, koroga taratibu nusu saa, acha mpaka kesho yake. Ute utakaa chini. Toa mafuta ya juu, yapashe mpaka nyuzi 105 hivi hadi mapovu yakome, hapo maji yameisha. Ukikoroga kwa nguvu, ute na mafuta vinashikana na hutavitenganisha tena. Madumu yawe ya chakula, yajae mpaka shingoni na yakae kivulini, kwa sababu alizeti huharibiwa upesi na hewa na mwanga. Dumu lililobeba dawa ya shamba usilitumie hata ulioshe vipi.

Karani_wa_Mnada:
Naona wote mmeruka hesabu. Magunia 10 ya kilo 65 ni kilo 650. Lita moja ya alizeti ina kilo 0.92, kwa hiyo lita 300 ni kilo 276. Hiyo ni asilimia 42 ya uzito wa mbegu! Kwa mbegu ya Record, ile ya zamani isiyo chotara, na mashine ndogo, ukipata robo ya uzito umefanya vizuri, yaani lita 177 hivi. Hata mbegu chotara yenye mafuta mengi haitoi yote, mashudu hubaki na sehemu yake. Hizo lita 120 na ushee zimetoka wapi? Ama umechanganya, ama hii ni chai.

Kaka_wa_Kizota:
Ni chai, tena ya kupangwa. Kajiunga leo, uzi wake wa kwanza ni "alizeti ya Singida inaganda". Kesho mtaona picha ya uzi huu kwenye makundi ya WhatsApp, wakulima wanakosa soko na waagizaji wanauza. Uongozi ufunge huu uzi.

Bibi_Shamba:
Kama ni mtego, mleta mada aogope Mungu. Mafuta ya nje yakijaa madukani, bei ya gunia hushuka kijijini. Tusimsaidie mtu kuwavunja wakulima.

Mjiji:
Na nyie msiyataje mawese kama tusi. Mawese mekundu ya Kigoma ni ya kwetu vilevile, na wekundu ule ndio unaoupa mwili vitamini A. Shida ni kuuziwa kitu kwa jina la kingine.

Mwana_Iramba:
Mimi si chai na sijatumwa na mtu. Haya, nasema. Alizeti ni lita 180, na lita 120 ni mawese yaliyosafishwa, ya pipa, kutoka Dar. Lebo inasema "Alizeti Safi ya Singida".

Ila mnielewe. Gunia limepanda bei, mteja anataka kununua kwa bei ya mafuta ya kupima. Nikileta alizeti tupu, anaiangalia na kuirudisha. Mawese si sumu na wanaochanganya ni wengi. Nimeshalipia pipa jingine la lita 200, na lebo 1,000 zimeshachapwa. Niliuliza kuganda tu. Nikishusha mawese mpaka robo, bado yataganda?

Mizani:
Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, hata robo inaweza kuacha mashapo. Kipimo cha kuficha sitakupa. Huyo mteja aliongeza hela juu ya bei ya mafuta ya kupima ili ifike kwa mkulima wa Singida, wewe ukaipeleka kwa mwagizaji. Watu wanaokubali kuongeza hela kipindi hiki ni wachache, na akidanganywa mara moja hatanunua alizeti ya yeyote.

Mchanganyiko unauzika ukiuita mchanganyiko. Lebo iandike alizeti asilimia 60, mawese asilimia 40, na uuze kwenye joto, si Njombe. Nenda SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze hatua za kupata alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Usajili wa vyakula nao uko TBS tangu 2019.

Karani_wa_Mnada:
Kuhusu bei, ondoa kwanza mapato ya mashudu kwenye gharama ndipo upange bei ya lita. Kwenye kilo 650 una mashudu yasiyopungua kilo 450. Halafu mwenye hela kidogo mfungie chupa ya robo lita. Asiyeweza dumu anaweza hiyo, na anapata alizeti kweli.

Fundi_Skrubu:
Na ukague mashine. Finya mashudu mkononi: yakiacha mafuta kwenye vidole, unapoteza lita zako humo. Kaza koni, ile sehemu ya mwisho mashudu yanapotokea, kidogo kidogo mpaka mashudu yatoke membamba, makavu, yanayokatika. Ukikaza kupita kiasi mashine inapata moto na mafuta yanakuwa meusi. Ukiwa umekaza na bado yanatoka laini, skrubu imelika. Mpelekee fundi aijaze kwa kuchomelea na kuisaga upya. Lita ulizokuwa unatafuta kwenye pipa, baadhi unazo kwenye mashudu.

Mwana_Iramba:
Nimewasikia. Lebo 1,000 nizitupe? Na pipa hawarudishi hela.

Mizani:
Lebo zibaki za alizeti tupu peke yake. Pipa uza kama mawese, kwa kupima, na umwambie mnunuzi ni mawese. Njombe piga simu leo, waambie wasiendelee kuuza.

Mwana_Iramba:
Mmoja ameshauza nusu ya mzigo.

Mizani:
Muulize maduka aliyoyapelekea na madumu mangapi kila duka. Yaliyobaki yarudi. Yaliyokwisha kuuzwa, warudishie wenye maduka tofauti ya bei na uwaandikie karatasi wabandike dukani kwamba mzigo huo una mawese asilimia 40. Kikoba kawaeleze kabla ya Jumamosi, wasikusubiri mpaka siku ya marejesho.

Kaka_wa_Kizota:
Ukirudisha mzigo, weka hapa picha ya hiyo karatasi. Nami nitafuta nilichosema.