Amesaini mwenyewe, sheria ya kazi inamhusu nini?

Wakuu, kuna hoja naisikia kila siku, eti mtu mzima akikubali kupiga kazi masaa 12 bila overtaimu na akasaini, basi yamekwisha. Mi nakataa. Sheria ya kazi inaweka sakafu tu, kima cha chini, masaa, likizo, usalama, mkitaka kupanda juu ya hapo pandeni, ila mkishuka chini kipengele hicho ni batili hata asaini mara kumi, maana mtu anayedaiwa kodi ya nyumba atasaini chochote utakachomwekea mezani.

Kinachoniuma ni utekelezaji. Sehemu niliyowahi kufanya kazi, siku mkaguzi anakuja tulijua tangu juzi yake, asubuhi tukagawiwa helmeti bado zina nailoni, na daftari la mahudhurio likajazwa kwa mwandiko mmoja, wote tumetoka saa kumi na moja jioni!! Jioni helmeti zikarudi stoo.

—Mleta mada umeongea upande mmoja. Mi nimeajiri watu wanne, kima cha chini kikipanda napunguza mmoja. Huyo aliyepunguzwa sheria imemsaidia nini? Afadhali kidogo kuliko sifuri.

—Mkuu hapo juu, Ujerumani walipoweka kima cha chini cha nchi nzima 2015 yalisemwa hayo hayo na ajira hazikuporomoka kama ilivyotabiriwa. Sisemi kiwango chochote kinafaa, kikiwekwa juu kupita kiasi watu watapunguzwa kweli. Ila anayekuumiza wewe zaidi ni jirani yako anayelipa chini ya sheria halafu anauza bei ya chini kuliko yako, na huyo bila mkaguzi humuwezi.

—Bado, wakaguzi wenyewe si ndio wanapewa bahasha?

—Mleta mada narudi. Bahasha zipo, sibishi. Lakini angalieni Uingereza, sheria ya 1819 ilikataza watoto chini ya miaka 9 kwenye viwanda vya pamba na ikabaki karatasi, mpaka 1833 ndio wakateuliwa wakaguzi wanne, wanne tu kwa viwanda vyote hivyo, na hapo ndipo wenye viwanda wakaanza angalau kuulizwa. Mkataba namba 81 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa 1947 unampa mkaguzi ruhusa ya kuingia bila taarifa, mchana au usiku, na unamtaka asimtaje aliyelalamika. Hayo mawili tu yangefuatwa pale kwetu, zile helmeti zisingekuwa na nailoni. Na mkuu mwenye watu wanne, nikuulize kistaarabu, hao watatu waliobaki si ndio watabeba kazi ya wanne? Masaa yao ya ziada utawalipa au nao watasaini?