Naomba ushauri: Nifundisheje jiografia ya Misri ya Kale kwa ramani na michoro ili wanafunzi waielewe, wasiishie kupaka rangi?

Mleta mada

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha historia kwa wanafunzi wa miaka 12 hadi 13, na ninaomba ushauri wenu kuhusu mada ya Misri ya Kale, hasa sehemu inayohusu jiografia yake.

Safari hii niliacha kuandika maelezo marefu ubaoni. Niliwagawia wanafunzi ramani tupu, nikawataka waonyeshe Mto Nile, jangwa la pande zote mbili, Bahari ya Mediterania, Bahari ya Shamu, Memphis, Thebes na Giza, kisha wapake rangi na kuweka ufunguo. Kazi zao zilipendeza mno na nyingine bado zimebandikwa ukutani. Hata hivyo, juma moja baadaye nilipowauliza kwa nini Memphis ilijengwa pale ilipojengwa, darasa zima lilinyamaza. Nilipouliza Misri ya Juu ilikuwa wapi, karibu wote walionyesha delta, yaani pale mto unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini, kwa sababu ndiyo iliyo juu kwenye karatasi. Mwanafunzi mmoja mwenye bidii, ambaye ramani yake niliiona bora kuliko zote, alinieleza kwamba Nile inaanzia baharini na kuteremkia jangwani. Nilirudi kuitazama ramani hiyo: kila jina lilikuwa mahali pake, bluu haikuvuka mstari hata kidogo, ila hapakuwa na mshale wa kuonyesha maji yanaelekea wapi, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nimeuomba.

Jambo hilo limenikosesha raha, kwa sababu asiyejua mto unaelekea wapi hawezi kuelewa chochote kingine kuhusu Misri. Nina vipindi vinne vya dakika 40, karatasi za manila, penseli za rangi na udongo wa mfinyanzi wa kutosha. Ni kazi gani za kuona na kushika zitakazowafanya wanafunzi waelewe kwamba ardhi ile ndiyo iliyoamua watu waishi vipi?

Dira

Mwalimu, ramani yako haikuwa na kosa, ila haikumwuliza mwanafunzi swali lolote. Alihitaji kunakili tu, naye akanakili vizuri. Mimi huanza na karatasi yenye mto, bahari na milima pekee, bila jina la mji hata mmoja, kisha nawaambia: ninyi ndio wafalme mliounganisha Misri ya Juu na Misri ya Chini, chagueni mahali pa makao makuu na mtoe sababu tatu. Baada ya mabishano ya dakika kumi, makundi mengi hujikuta karibu na pale ambapo bonde jembamba linafunguka kuwa delta, kwa sababu anayekaa pale anaidhibiti njia ya pande zote mbili. Hapo ndipo ninapowaambia waandike jina Memphis. Jina linalotanguliwa na sababu halisahauliki upesi.

Kuhusu Misri ya Juu, igeuze karatasi juu chini. Katika jumba la makumbusho la mambo ya kale ya Misri mjini Turin, Italia, imehifadhiwa ramani ya mafunjo iliyochorwa karibu mwaka 1150 K.K., enzi za Ramses wa Nne, inayoonyesha eneo la Wadi Hammamat pamoja na machimbo yake ya mawe na dhahabu. Ramani hiyo imeweka kusini upande wa juu, na vilima vyake vimepakwa rangi kulingana na aina ya miamba. Wamisri walielekeza uso kusini, kule mto unakotoka, hata neno lao la kulia lilihusiana na magharibi na la kushoto na mashariki. Lugha yetu nayo inakusaidia hapa, kwani tunasema kupanda mto na kuteremka mto. Mwanafunzi akishajua kwamba kupanda mto ni kwenda kusini, Misri ya Juu haimtatizi tena.

Udongo na Maji

Ninaunga mkono hoja ya Dira, nami naongeza kazi moja ambayo kwangu imezaa matunda kuliko ramani yoyote ya karatasi.

Chukua trei yenye kingo, urefu wa mkono mmoja hivi. Waache wanafunzi, watano kwa kila kundi, watandaze udongo wa mfinyanzi wa rangi nyekundu: katikati mfereji wa mto, kandokando uwanda mpana wenye vichuguu viwili vitatu, na pembeni miinuko miwili inayonyunyiziwa mchanga mkavu uwe jangwa. Inueni ncha moja ya trei kwa daftari mbili na muibandike neno kusini. Kisha kila kundi lipewe vipande kumi vya njiti za kiberiti, kila kipande kiwe kijiji, na wavipange watakavyo. Usiwaambie lolote kuhusu mafuriko. Darasani kwangu karibu vijiji vyote viliwekwa ukingoni kabisa mwa maji, jambo ambalo lina mantiki yake.

Baada ya hapo nilimimina polepole, kutokea kusini, maji niliyoyakoroga na udongo mweusi uliochekechwa. Maji yalijaza mfereji, yakapanda kingo, yakatambaa uwandani, na njiti zikaanza kuelea moja baada ya nyingine kuelekea kaskazini. Hakuna aliyecheka, walikuwa wanavifuatilia vijiji vyao. Awamu ya pili kundi moja lilivihamishia vyote jangwani, nami nikawauliza maji ya kunywa watayateka wapi na shamba litakuwa umbali gani. Mwishowe walivipandisha kwenye vichuguu vilivyosalia juu ya maji, nami nikawaeleza kwamba Wamisri walifanya hivyohivyo: walijenga kwenye miinuko ya kingo za mto na kwenye vilima vya mchanga vya delta.

Usimwage trei siku hiyo. Iache ikauke. Kesho yake tulikuta utando mwembamba mweusi umetanda juu ya uwanda, umekoma ghafla pale mchanga ulipoanzia. Msichana mmoja aliweka kidole kimoja kwenye weusi na kingine kwenye mchanga, akauliza kama mpaka wenyewe ulikuwa mkali namna ile. Ndiyo, ulikuwa mkali hivyo. Hapo nikawapa maneno mawili ya Wamisri wenyewe: Kemet, ardhi nyeusi, na Deshret, ardhi nyekundu.

Mkongwe wa Ubao

Angalizo fupi. Ramani nyingi tunazonakili zina vitu ambavyo Farao Khufu, mwenye piramidi kubwa ya Giza, hakuviona. Ziwa Nasser lilitokana na Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, Cairo ilianzishwa mwaka 969 B.K., na Alexandria mwaka 331 K.K., zaidi ya miaka 2,000 baada ya piramidi kubwa ya Giza. Delta ya leo ina matawi mawili makuu, la Rosetta na la Damietta, ilhali waandishi wa kale walitaja saba. Wape wanafunzi ramani ya sasa na kalamu nyekundu, wafute kila kisichostahili kuwapo. Ni kazi ya dakika 15, nao huifanya kwa ari kubwa.

Tanga

Naomba msisahau upepo, kwani hauonekani katika ramani nyingi za shule. Mto unakwenda kaskazini, lakini upepo uliozoeleka katika bonde lile huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo chombo kiliteremka kwa nguvu ya maji na kupanda kwa tanga. Wamisri waliliandika jambo hili katika maandishi yao ya picha: alama ya safari ya kwenda kusini ilikuwa mashua iliyotwekwa tanga, na ya kwenda kaskazini ilikuwa mashua isiyo na tanga. Waonyeshe wanafunzi alama hizo mbili bila maelezo na uwaache wabuni tofauti yake. Kisha wakate mashua mbili za karatasi na kuzibandika kwenye ramani, kila moja ikiwa na mshale wake.

Kutoka hapo wape safari ya kweli. Mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, yaligunduliwa mafunjo yenye kumbukumbu za msimamizi aliyeitwa Merer, ambaye kikosi chake kilisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura, ng'ambo ya mashariki, hadi Giza wakati wa Khufu. Mawe ya matale (graniti) yalitoka mbali zaidi, Aswan, kusini. Wanafunzi wachore njia zote mbili kwa rangi tofauti, na katika kila njia waandike kilichoisukuma mashua. Watagundua wenyewe kwamba mawe mazito ya Aswan yalikuwa yanateremka na maji.

Mleta mada

Ninawashukuru sana. Nimeyasoma majibu yote mara mbili. Nina swali moja lililobaki: ramani na trei vinaonyesha mahali, lakini Misri iliishi kwa majira. Ninauingizaje wakati ndani ya mchoro? Tena wanafunzi wangu hawaamini kwamba mto unaweza kufurika mahali ambapo mvua hainyeshi.

Dira

Tumia duara lililogawanywa sehemu tatu sawa za miezi minne: Akhet, majira ya mafuriko, Peret, majira ya kupanda na kukua, Shemu, majira ya mavuno. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, na mwishoni ziliongezwa siku tano, ambazo wanafunzi huzichora kama kijisehemu chembamba. Ndani ya kila sehemu wachore bonde lilelile, kwa umbo lilelile, likiwa limefunikwa na maji, kisha kijani, kisha rangi ya dhahabu.

Kuhusu mvua, panua ramani yako. Ikikomea Aswan, swali la wanafunzi wako halina jibu. Ifikishe hadi Ziwa Tana na Ziwa Victoria, uonyeshe Nile ya Bluu na Nile Nyeupe zikikutana Khartoum. Mvua za kuanzia Juni hadi Septemba katika nyanda za juu za Ethiopia ndizo zilizoleta sehemu kubwa ya maji ya mafuriko na lile tope jeusi. Mchirizi mweusi uanzie Ethiopia na ufuatwe kwa kidole hadi delta.

Mchora Mistari

Nachelewa kuingia, lakini kuna jambo la vipimo ambalo sijaliona hapa. Karatasi ya kawaida huwadanganya wanafunzi kuhusu wembamba wa Misri. Ungeni karatasi za manila ziwe ukanda mmoja, na kila sentimita moja iwe kilomita 10. Kutoka Aswan hadi baharini, kwa kufuata mto, ni takriban kilomita 1,200, yaani ukanda wa sentimita 120. Sasa waambie wachore upana wa bonde lenye mashamba: mahali pengine ni milimita chache tu, na panapozidi kwa upana ni sentimita mbili hivi. Ukanda ule mwembamba wa kijani ukibandikwa ukutani, mtu haulizi tena kwa nini walijenga makaburi jangwani na kuacha udongo mweusi kwa ngano, shayiri na kitani.

Ninatofautiana kidogo na wenzangu katika jambo moja. Msiache jangwa liwe tupu. Dhahabu ilitoka jangwa la mashariki na Nubia, shaba na feruzi Sinai, na magadi ya kukaushia maiti Wadi el-Natrun. Mafuriko nayo hayakuwa neema kila mwaka: yakipungua palikuwa na njaa, yakizidi yalibomoa. Ndiyo sababu walichonga vipimo vya kina cha maji kwenye ngazi za mawe huko Elephantine, kisiwa cha Nile pale Aswan. Chora mistari kama hiyo ubavuni mwa trei ya Udongo na Maji, umimine mara tatu kwa viwango tofauti, na kila kundi liandike limepata mavuno gani.

Mleta mada

Nimepanga hivi: kipindi cha kwanza, trei na njiti, cha pili, ramani isiyo na majina, iliyogeuzwa kusini juu na inayofika Ethiopia, cha tatu, ukanda wa sentimita 120 pamoja na mashua mbili, cha nne, duara la majira na kumimina maji kwa viwango vitatu. Kazi ya kalamu nyekundu nitawapa wafanye nyumbani. Ramani za zamani sitazibandua. Nitawarudishia wenyewe, kila mmoja aongeze mshale wa maji, mshale wa upepo na sababu moja chini ya kila mji, na nitaanza na yule mwanafunzi aliyeniambia kwamba mto unatoka baharini.